Gemu Likisuasua, Uliza Nani Anamsubiri Mwenzake

Nina kioski cha ufundi wa kompyuta Ngamiani, hapa Tanga, katikati ya zile barabara za namba, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi inayoingia ni kompyuta za magemu. Zamani nilikuwa nafuta virusi na kubadilisha kibodi za laptopu za walimu. Sasa anayeingia ni kijana amekumbatia kesi yenye taa za rangi, na maneno ni yaleyale: "Anti, imekuwa nzito."

Nzito vipi? Hapo ndipo kila mtu anakuwa na lake. Mmoja gemu linastuka kila akikata kona. Mwingine linakwenda vizuri nusu saa, halafu linaanza kusuasua mpaka anazima. Wa tatu anapiga risasi sasa hivi, adui anaanguka baadaye. Wote watatu wanasema "inaganda", na wote watatu wanaumwa vitu tofauti.

Huyo wa tatu kompyuta yake haina kosa lolote. Picha inateleza vizuri, ila amri zake zinachelewa kufika kwenye seva (kompyuta ya mbali inayoendesha gemu), ambayo ya karibu kabisa inaweza kuwa Afrika Kusini au Ulaya, na anaipata kwa intaneti ya simu iliyo mfukoni mwake. Hata akinunua kadi ya grafiksi ya milioni mbili, adui ataendelea kuanguka kwa kuchelewa. Namwambia asogeze simu dirishani au avute intaneti ya waya, na simtozi kitu. Nawataja hawa mapema kwa sababu wapo waliouziwa vifaa vya bei mbaya kwa ugonjwa wa mtandao.

Tukibaki na wenye tatizo la fremu zenyewe: fremu ni picha moja nzima ya gemu. Kioo cha kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, maana yake kompyuta ina milisekunde 16.7 tu za kuandaa kila picha. Ikitumia 33.3, utapata fremu 30. Mtu anaweza kucheza kwa fremu 30 akazoea, mradi zije kwa mwendo mmoja. Kinachotia kichefuchefu ni picha kumi kuja kila moja kwa milisekunde 16, halafu ya kumi na moja ikachukua 80. Piga hesabu, wastani wake ni kama fremu 46 kwa sekunde, namba ambayo haimtishi mtu. Lakini mchezaji ameshauona ule mstuko, na ndani ya mstuko ule ameshapigwa risasi. Kwa hiyo mteja akiniambia "inasoma 46 lakini haichezeki", namwamini yeye kabla ya namba.

Swali langu la kwanza, kabla sijashika bisibisi, ni nani anamsubiri mwenzake. Chukua watu wawili wanapika chapati: mmoja anasukuma, mwingine anachoma. Anayesukuma ni prosesa, yeye anapanga nani yuko wapi, risasi imepita wapi, mlango umefunguka au la. Anayechoma ni kadi ya grafiksi, anayepewa mpango huo na kuugeuza kuwa picha. Idadi ya chapati zinazofika mezani inaamuliwa na yule aliye mzito kati yao, basi. Ukimnunulia mchomaji jiko jipya wakati msukumaji ndiye anayesinzia, hela imekwenda na chapati hazijaongezeka.

Kumjua mzito ni nani hakuhitaji fundi. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Umetoka kwenye nukta milioni mbili na kidogo kwa kila picha mpaka laki tisa na ushee, yaani kadi umeipunguzia zaidi ya nusu ya mzigo wake. Fremu zikiruka juu, kadi ndiyo iliyokuwa inachelewesha. Zikibaki palepale, kadi ilikuwa imekaa inasubiri, na tatizo liko kwa prosesa, au ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), au kuna kikomo mahali fulani kimewekwa bila wewe kujua.

Anayetaka kuona kwa namba aweke MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayokuja nayo. Ni za bure, zinaandika pembeni ya kioo asilimia ya kazi ya kadi, joto, kasi ya prosesa na muda wa kila fremu huku unacheza. Kadi ikisoma 97 au 99 kwa mia watu wanashtuka wakidhani inaungua, kumbe hiyo ndiyo dalili ya afya, kadi inafanya kazi yote iliyonunuliwa kuifanya. Ya kutia shaka ni ile inayosoma 50 huku fremu ziko chini.

Ila asilimia ya prosesa isikudanganye. Prosesa yenye uwezo wa kushika kazi 12 kwa wakati mmoja, kazi moja ikijaa pomoni, ile namba ya jumla inapanda kama asilimia 8 tu. Na magemu mengi yana kazi moja kubwa inayobeba zote. Kwa hiyo utamwona mtu ananionyesha "prosesa iko 35, imelala hii", kumbe kuna kiini kimoja humo ndani, yaani mfanyakazi mmoja wa prosesa, kinakata roho. Fungua picha ya kila kiini peke yake, ndiyo iangalie hiyo.

Kesi iliyonifundisha zaidi kuliko zote ilikuja imefungwa kwa mpira kwenye keria ya baiskeli. Mzee mmoja wa Sahare, mstaafu, na mwanawe wa mwisho aliyekuwa amemaliza kidato cha nne. Nilimwamkia mzee, akaitika marahaba, kisha baba na mtoto wakaanza kubishana mbele yangu. Mtoto anasema kadi imekufa, inatakiwa mpya. Mzee anasema ni umeme. "Mwanangu," aliniambia mzee, "mchana gemu zima. Ikifika saa moja usiku, umeme unapungua, na gemu linakwisha. Sasa kadi gani inayokufa usiku na kufufuka asubuhi?"

Hoja ya mzee ilikuwa na nguvu, na nikampa haki yake. Ugonjwa wenye saa ni ushahidi mzuri kuliko programu yoyote.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa kwa mji huu: kompyuta ya ofisi ya mtumba kutoka Ulaya, yenye prosesa ya Core i5-6500, ramu ya gigabaiti 16, na kadi ya GTX 1650 iliyoongezwa hapa. Mafundi tunaipenda kadi hiyo kwa sababu matoleo yake mengi yanajitosheleza kwa wati 75 zinazotoka kwenye tundu la madabodi (ubao mkuu unaobeba vifaa vyote), na pawasaplai (boksi la kugawa umeme) za kompyuta za ofisi mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Niliiweka mezani kwangu asubuhi ile, nikaifungua ubavu nione hali, nikawasha gemu la kijana. Fremu 70 na zaidi, imetulia kabisa. Mzee akanitazama kwa jicho la "si nilikwambia".

Jioni nikaenda kwao. Chumba cha kijana kina dirisha moja, limefungwa kwa ajili ya mbu. Kompyuta iko ndani ya kabati la TV, mgongo wake umeegemea ubao. Nilichomeka mita kwenye soketi: volti 188, wakati tunatakiwa kupata 230. Feni ya dari ilikuwa inazunguka kivivu kiasi kwamba unaweza kuhesabu mapanga. Kijana akaanza kucheza, mimi nikakaa pembeni kuangalia namba. Dakika za mwanzo kila kitu sawa, prosesa inakwenda gigahezi 3.3, kadi iko 98 kwa mia. Halafu joto la prosesa likawa linapanda, 91, 95, 98. Lilipogusa nyuzi 99, kasi ikaporomoka hadi 2.4, na hapohapo kazi ya kadi ikashuka mpaka 50 na kitu. Fremu zikawa 35. Joto likapungua kidogo, kasi ikarudi, joto likapanda, kasi ikaanguka tena. Kwenye kioo ndiyo ule mkwamo-mkwamo wenyewe.

Prosesa nyingi za Intel za mezani zimewekewa mpaka wa karibu nyuzi 100. Zikikaribia hapo zinajipunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Ni ulinzi uliokusudiwa na mtengenezaji, na hauandiki ujumbe wowote kwenye kioo. Gemu linakuwa zito tu.

Sasa ilibidi kutenganisha umeme na joto, maana vyote vilikuwa vinakuja usiku. Nikamwomba mzee ile feni ya kusimama ya sebuleni. Tukaitoa kompyuta kabatini, nikafungua ubavu, tukaielekezea feni. Mita imebaki soketini, volti ni zilezile 188, tena zilikuwa zinachezea hadi 185. Gemu liliendelea kuchezwa. Ndani ya dakika chache prosesa ilikuwa nyuzi 80 na ushee, kasi 3.3, fremu zimerudi 70. Mzee alikuwa anaangalia mita, anaangalia kioo, anaangalia mita.

Pawasaplai nzuri imeandikwa ubavuni 100 hadi 240. Ndani ya mipaka hiyo inapokea umeme unaokuja na kutoa volti 12 zilezile. Umeme ukiwa mdogo, yenyewe inavuta ampia zaidi na kupata moto zaidi kidogo, lakini prosesa haipati habari. Ukishuka mno, mashine haitapunguza fremu: itazima ghafla au itajiwasha upya. Zile pawasaplai za bei rahisi zenye swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230 ndizo zinazozima mapema. (Swichi hiyo msiiguse, tafadhali. Ukiisogeza kwenye 115 halafu ukachomeka hapa kwetu, utasikia mlio na utanunua nyingine.)

Hata hivyo mzee hakuwa amekosea moja kwa moja. Umeme mdogo uliipunguza feni ya dari, chumba kikapata joto, na prosesa iliyokuwa inaishi pembeni ya mpaka wake ikasukumwa ng'ambo. Mchana dirisha wazi, upepo wa baharini unaingia, ilikuwa inapona kwa nyuzi chache. Alichoona kilikuwa kweli, ila njia ya kutoka soketini hadi kwenye fremu ilipita chumbani na kabatini.

Na ilipita kwenye vumbi. Mkitaka kujua vumbi la pwani likoje, fungueni kompyuta iliyokaa Sahare au Raskazone miaka mitatu. Halipeperuki. Unyevu na chumvi vinalishika linakuwa tando nzito ya kijivu kati ya mapezi ya alumini ya kupoozea prosesa, unaweza kuibandua kwa kibanio ikatoka kipande kizima. Nilitumia brashi ya rangi, kisha blowa, huku nimeshika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana blowa inaweza kuizungusha feni kuliko ilivyoundwa na kuua beringi zake. Pesti ya kupitishia joto kati ya prosesa na bomba lake la kupoozea ilikuwa imekauka kama chokaa. Nikaisafisha, nikaweka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, nikafunga. Kabati likabaki la TV, kompyuta ikahamia juu ya meza. Usiku uliofuata kijana alituma picha ya kioo: nyuzi 74.

Tangu hapo nimeona kwamba hizi kesi zina msimu. Kaskazi ikianza kuvuma, Desemba mpaka Machi, zinajipanga mlangoni. Kusi ikija zinapungua, na wenye mashine wanadhani zimepona.

Kwenye suala la kusafisha niseme mawili ya hapa kwetu. Msipeleke kompyuta kwa wajaza upepo wa matairi. Tangi la kompresa katika mji wenye unyevu kama huu lina maji chini, na ule upepo unaotoka umechanganyika na matone, wakati mwingine na oili. La pili ni dawa ya meno. Kuna kijana alisoma mahali kwamba inaweza kushika nafasi ya pesti. Kweli inashika, kwa siku kadhaa. Ina maji, yakikauka kinachobaki ni unga unaozuia joto badala ya kulipitisha. Aliniletea mashine yake, nikaiwasha, na ilipopata moto kioski kizima kikanukia mnanaa. Sikuhitaji kuifungua kujua.

Si kila mzito anaumwa joto. Kuna mwenye kibanda cha gemu, mtu mwerevu sana wa biashara, alinunua mashine kadhaa zenye Ryzen 5 5600G ili asinunue kadi kabisa, maana prosesa hiyo ya mwaka 2021 ina grafiksi yake humohumo ndani. Wazo zuri. Lakini kila mashine aliweka kijiti kimoja cha ramu cha gigabaiti 16, akiwaza siku moja ataongeza cha pili. Grafiksi iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake yenyewe, inakula kwenye ramu ya kompyuta, na kijiti kimoja ni njia moja tu ya kupita. Vijiti viwili vya 8 vina ukubwa uleule, ila njia ni mbili. Tulibadilishana na duka aliponunulia, tukaweka viwiliviwili, kisha nikaingia kwenye mipangilio ya awali ya madabodi na kuwasha XMP, yaani ruhusa ya ramu kwenda kwa kasi iliyoandikiwa. Ramu zake ziliandikwa 3200 kwenye kibandiko lakini zilikuwa zinakwenda 2133, kwa sababu madabodi huanza na mwendo wa tahadhari mpaka uiambie. Hakununua kitu kingine chochote, na wateja wake wakaacha kugombania mashine ya pembeni kwa kuidhania ndiyo yenye kasi.

Waya nao. Hii ni ya aibu kwa mwenye mashine kwa hiyo huwa naifanya haraka bila kumwita mtu mwingine aje kuona. Nyuma ya kompyuta kuna matundu ya kioo sehemu mbili: juu kwenye madabodi, chini kwenye kadi. Ukichomeka juu, picha inatoka kwenye grafiksi ndogo ya prosesa, na kadi uliyouzia ng'ombe inakaa bure. Nahamisha waya, kazi imekwisha. Ndugu yake ni yule mwenye kioo cha kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde ambaye hajawahi kuingia kwenye mipangilio ya Windows kukibadilisha kutoka 60. Ananiambia haoni tofauti na kioo chake cha zamani, na ni kweli hawezi kuiona.

Kuna ugonjwa mwingine unaoonekana kama uchawi mpaka uujue. Fremu ziko 60 safi, ghafla zinakuwa 30 kamili, halafu 60 tena. Hakuna 52, hakuna 47. Ukiona namba zinaruka hivyo, angalia V-Sync. Kazi yake ni kusubiri kioo ili picha isikatike katikati, na katika magemu mengine fremu ikichelewa hata kidogo, ikitumia milisekunde 18 badala ya 16.7, inabidi isubiri zamu inayofuata ya kioo. Kwa hiyo mashine yenye uwezo wa fremu 55 inakupa 30. Zima V-Sync, weka kikomo cha fremu kwa RivaTuner, na kama picha inakatika mno, shusha vivuli kidogo. Vivuli ndivyo vinavyokula sana na ndivyo mchezaji anavyoviangalia kidogo kuliko vyote.

Nisiwasahau wanaorekodi bila kujua. Windows ina kipengele cha kurekodi gemu kwa nyuma, na kwenye mashine yenye haddiski ya kuzunguka peke yake inaweza kuleta mistuko ya kila mara. Haddiski yenyewe pia: gemu la dunia kubwa likikata kona linahitaji kusoma nyumba na barabara mpya, na haddiski ya zamani haiwahi. Huyo mteja wa kwanza niliyemtaja, wa kona, dawa yake kwa kawaida ni SSD, diski isiyozunguka inayosoma haraka. Fremu zake za wastani hazitapanda, ila mistuko itapungua.

Iliyoniuma ni ya kadi ya bandia. Kijana wa Chumbageni alikuja na "GTX 1050 Ti" aliyonunua kwa mtu, boksi zuri, bei ya kuvutia. Gemu lilikuwa linakwenda fremu 9. Kila alichosoma alikuwa ameshakijaribu, draiva (programu zinazoiendesha kadi) ameziondoa kwa DDU, programu ya kufutia draiva, na kuziweka upya, Windows ameipiga mpya. Aliamini kosa ni lake, na alikuwa anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyevunja kitu cha watu. Nilipoitoa kadi nikaona tundu la VGA, lile la buluu. NVIDIA iliacha kutoa mawimbi ya analogi kwenye chipu zake kuanzia familia ya GTX 10 ya mwaka 2016, kwa hiyo tundu hilo kwenye kadi iliyoandikwa 1050 Ti ni la kutilia shaka papo hapo. Nikairudisha, nikafungua GPU-Z, programu ndogo ya bure. Ikaandika jina la kadi, na mbele yake neno linalosema ni feki. Matoleo yake ya tangu 2018 yanatambua huo mchezo. Ndani mlikuwa na chipu ya GTX 550 Ti, ya mwaka 2011, yenye viini 192 wakati 1050 Ti halisi ina 768. Mtu amebadilisha tu maandishi ya ndani ili Windows isome jina jipya.

Hakuna cha kutengeneza hapo. Nilimwandikia karatasi ya nilichokiona, akarudi nayo kwa muuzaji. Alirudishiwa nusu ya hela baada ya maneno mengi. Sasa nawaambia vijana wanaonunua mkononi: nenda na flashi yenye GPU-Z, omba kadi iwashwe mbele yako, na anayekataa kuiwasha mshukuru uondoke.

Wapo pia ambao mashine zao hazijaumwa chochote. Septemba 2023 Counter-Strike 2 ilipochukua nafasi ya CS:GO, nilipata wateja wengi wenye hasira ndani ya muda mfupi, wote wakisema kompyuta imeharibika tangu "ile apdeti". Haikuharibika. Gemu walilokuwa wanacheza lilitoka 2012 na mashine zao zililimudu kirahisi, likaondoka, likaja lingine zito lenye alama ileile. Kumwelewesha mtu kwamba kompyuta yake ni nzima ila gemu limemkimbia ni kazi ngumu kuliko kubadilisha pesti, kwa sababu hana cha kubeba nyumbani.

Mmoja wao bado tunaendelea naye. Ana i5-6500 kama ya yule kijana wa Sahare, joto lake zuri, ramu zake mbili, waya uko mahali pake. Tulipima kwa kushusha picha mpaka 720, fremu hazikusogea: zinapanda 90 mahali patupu, na mabomu ya moshi yakirushwa na watu wakikutana zinaanguka 45. Kadi inasubiri tu. Nimemwekea kikomo cha 60 ili ule mruko kati ya 90 na 60 usimchoshe macho, na ule wa chini umebaki. Prosesa hiyo ina viini 4 na inashika kazi 4 kwa wakati mmoja. Tunachotafuta sasa ni i7-6700 ya mtumba, inayoingia kwenye tundu lilelile la LGA 1151, inashika kazi 8, na kwa kuwa zote mbili ni za wati 65, bomba la joto alilonalo litatosha. Nimemwambia asilipe mpaka tuipime kwenye ramani ileile, mahali palepale penye moshi. Jana amenipigia simu, amepata moja Dar kwa mtu anayeuza na madabodi yake. Nimemjibu aulize kwanza kama madabodi ni ya kiwanda gani, maana za kompyuta za ofisi hazina matundu sawa ya pawasaplai, na asikubali kuitumiwa kwa basi bila kifuniko cha zile pini za tundu la prosesa.